Jina la Mwisho kwenye Wimbo wa Tisa

Nikimwambia mtu wa Bunia kwamba zamani nilikuwa naimba, swali lake huwa moja tu: korali gani? Hapa kwetu mwanamke aliyeimba aliimba kanisani, basi, na mimi kwa uvivu wa kujieleza hujibu korali ya parokia. Si uongo kabisa, maana nilianzia huko. Sisemi kwamba huko nilifukuzwa kwa sababu sauti yangu ilikuwa inafunika sauti za wengine. Sisemi kwamba mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nilisimama katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani nikapayuka nyimbo kumi na moja ambazo zote pamoja zilimaliza dakika kumi na saba. Wanafunzi wangu, ambao ninawafundisha Kifaransa na kuwagombeza wakiongea kwa sauti darasani, wakisikia hilo watacheka mpaka walie. Na wacheke. Wiki mbili zilizopita nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya mihogo, simu ikalia, ni Bosco, na hakunisalimia. "Paska," alisema, "Jeremi amekufa. Ni tension, damu ilipanda. Matanga iko Kasenyi, ku ziwa." Niliacha mchi ndani ya kinu nikakaa chini. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa uso wa Jeremi, Mungu anisamehe. Nilijiambia: sasa nani nitamwomba msamaha?

Ili mnielewe lazima nianze na kiboksi cha Bosco. Bosco alikuwa anatengeneza redio kwenye kibanda karibu na soko, na kulikuwa na mzungu mmoja wa mambo ya misaada, wale waliokuja wengi mjini baada ya vita, ambaye siku ya kurudi kwao alimwachia kiboksi cha CD. Bosco akaweka ya kwanza. "Nilizani masini iko inakula CD," alituambia baadaye. Akaitoa, akapangusa kioo cha mashine kwa alkoli, akairudisha, ikawa vilevile: ngoma zinakimbia, gitaa linanguruma, mtu anapiga kelele kama ameibiwa. Akajaribu ya pili, ikawa mbaya zaidi. Ndipo akaelewa kwamba hakuna kilichoharibika, muziki wenyewe ndio huo. Kwenye jalada yalikuwa maneno mawili, hardcore punk, na sisi ambao ulimi wetu hauna muda wa kupoteza tukaita ardikori. Bosco alimwita Jeremi aje asikie. Jeremi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza CD nzima bila neno, mikono imetulia magotini. Ilipoisha alisema kitu kimoja tu: "Rudisha."

Jeremi alikuwa kijana wa upande wa Djugu. Yeye na shangazi yake walikuwa wanakaa chini ya shiti la plastiki kwenye kambi ya waliokimbia, na kwa mwaka mzima wa kwanza sikuwahi kumsikia akisema maneno zaidi ya kumi kwa mpigo. Alikuwa anapiga ngoma kanisani kwa Waprotestanti, huko wakamwomba apige polepole, akaacha. Sisi hatukumwomba kitu. Bosco alishika gitaa, binamu yake Fiston akashika besi, mimi nikapewa mikrofoni kwa sababu nilikuwa na mapafu na sikuwa na haya. Tulikuwa tunajizoeza kwenye depo moja ya mabati ya kuezekea, na kila Jeremi alipopiga, yale mabati yaliyopangwa hadi darini yalikuwa yanaitika. Ndiyo maana tulijiita Mabati. Mama aliyeuza mkaa ng'ambo ya barabara alikuja siku moja na kitambaa kichwani, akasimama mlangoni, akauliza, "Batoto, hii ni wimbo ao ni ajali?" Bosco akamjibu, "Mama, yote mbili." Yule mama akacheka mpaka akashika mlango. Tangu siku hiyo akawa anatuletea chai ya tangawizi kwenye bidoni, dumu la plastiki, nasi tulikuwa tunainywa na maandazi ya shangazi ya Jeremi, mikono yetu ina vumbi la kutu, masikio yanalia. Nimekula karamu nyingi tangu hapo, na ya harusi yangu mwenyewe naihesabu. Hakuna chakula nilichokitamani tena kama yale maandazi.

Wimbo wa tisa ulikuja mchana mmoja wa mvua. Mvua ikinyesha juu ya depo ya mabati hamwezi kupiga muziki, hamwezi hata kuongea, mnangoja tu. Ilipopungua, Jeremi alitoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne akanipa. Ilikuwa na majina saba, mwandiko wa mtoto wa shule, moja chini ya jingine. Zakaria. Elizabeti. Ngabu. Mateso. Batista. Tabita. Mave. Nilimuuliza maneno mengine yako wapi.

"Maneno ingine haiko. Ni majina tu. Weye njo utayaita. Miye nikijaribu, sauti haitokake."

"Beko banani?"

"Batu bangu," alisema. Kisha akatueleza jinsi alivyotaka. Majina sita yaende mbio, kila jina na pigo lake la ngoma, gitaa likifukuza. Halafu kila kitu kisimame. Tuhesabu nne bila mtu kupumua. Halafu mimi peke yangu, bila ngoma, bila gitaa, niite la saba.

Nikamuuliza kwa nini Mave anabaki peke yake. Niliuliza kama fundi, kwa ajili ya wimbo. Alitazama vijiti vyake vya ngoma.

"Tulikuwa tunajificha mu shamba ya mihogo," alisema. "Mave alipotea siye tukiwa tunakimbia. Ilikuwa dada yangu ya mwisho, iko na miaka tisa. Tulimusikia analia, haikuwa hata mbali. Miye nilifungua kinywa nimuite, shangazi akanishika mudomo. Angekosa kunishika, bangetusikia, bangetumaliza siye wote. Shangazi hakukosea, Paska. Lakini hatukumuita." Akaikunjua tena ile karatasi, akasema, "Miye nataka aitwe. Kwa nguvu. Pahali kelele haiko."

Fiston aligeuka akajifanya anafunga waya wa besi. Tuliucheza wimbo ule mchana huohuo mara tatu, na kila kile kimya cha kuhesabu nne kilipoisha ninaita "Mave!" na mabati yote yanalishika lile jina yanalirudisha. Mara ya tatu Jeremi alifunga macho. Sikuwahi kupewa kitu kizito kama kile na mtu yeyote, na ningekuwa mtu mzima ningejua hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilijua tu kwamba wimbo ulikuwa mzuri.

Studio ilikuwa ya Mwalimu Samweli, mtaa wa Nyakasanza, chumba nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na kwaya zote za mji zilikuwa zinarekodi kwake. Ukutani zilikuwa trei za mayai, mlangoni godoro limetundikwa kwa misumari, na nje jenereta lililokuwa linakohoa. Kabla ya kubonyeza kitu chochote lazima aombe, nasi tulisimama tumeinamisha vichwa kwa adabu huku Bosco akiwa na fulana iliyochorwa fuvu. Mwalimu alipouliza albamu ina nyimbo ngapi na dakika ngapi, tukamwambia, akavua miwani.

"Kumi na moja mu dakika dix-sept? Batoto bangu, kwaya yangu dix-sept minutes ni ya kuingia tu. Pasta hayakamata hata mikro."

Lakini alikuwa mtu wa kazi. Alituwekea mikrofoni vizuri kuliko alivyolazimika, akatukemea tulipokosa, akafurahi tulipopata. Mwisho wa wimbo wa nne anasikika kuku wa mke wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema tumwache, kwamba kuku ameingia kwa wakati. Wimbo wa tisa tuliurekodi mara moja tu. Nilipoita lile jina la mwisho na chumba kikanyamaza, Mwalimu Samweli hakubonyeza kitu kwa muda, halafu akasema taratibu, "Amina." Hakuuliza majina yale ni ya nani. Jeremi alitabasamu. Mke wa Mwalimu alitupikia maharagwe na bugali, tukala uani sote kwenye sahani moja kubwa, na Jeremi, ambaye kwa kawaida alikuwa anakula kama mgonjwa, aliomba aongezewe. Kama ningeweza kuusimamisha mwaka ule mahali pamoja, ningeusimamisha pale, na mchuzi wa maharagwe ukiwa kwenye vidole vyetu.

Sasa nifike kwa Papa Delphin, na nimseme kwa haki, kwa sababu amekwisha kufa naye na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu wa Kasenyi aliyekuwa anakaa hapa Bunia. Lori lake lilikuwa linaenda Kampala kila baada ya siku kadhaa, na CD zetu zilikuwa zitengenezwe huko. Alikubali kupeleka kazi yetu na kurudi na maboksi, na akatupa pia jengo lake la kuhifadhia samaki, lioshwe, liwekwe viti, tufanyie humo siku ya kutoa albamu. Kwa hiyo akawa parrain, yaani baba wa ubatizo wa albamu. Yeye ndiye angekata utepe. Hakuelewa hata noti moja ya muziki wetu, na alisema hivyo, akicheka: "Miye sisikie kitu, lakini vijana beko na nguvu." Siku moja kabla ya lori kuondoka, Bosco alimpelekea asikie. Jioni, jua likiwa bado lipo, Bosco akaja kwetu mbio, akanikuta nafua nguo.

"Paska, kuko tatizo. Patron alisikia ile wimbo ya majina."

"Eeh?"

"Aliniuliza, bale batu banani, balitoa nini? Anasema, 'Miye njo nabeba CD yenu mupaka Kampala, na jina yangu haiko? Ile ba Zakaria balifanya nini kuliko miye?'"

Karatasi hizi zikimfikia asiye wa kwetu, nieleze. Kongo, mwanamuziki akitaja jina la mtu ndani ya wimbo, kila mtu anajua maana yake: huyo mtu ametoa kitu, amesaidia, anashukuriwa. Tunaita kutupa libanga, kutupa jiwe. Wimbo mmoja wa dansi unaweza kuwa na majina ishirini ya matajiri, na kila tajiri hungoja zamu yake asikie. Papa Delphin alisikia majina saba yakiitwa kwa nguvu, akayasikia kama mtu yeyote wa nchi hii angeyasikia. Aliona wivu kwa watu waliouawa shambani. Na sisi wanne, Wakongo tuliozaliwa ndani ya mabanga hayo, hatukuwahi hata kufikiri kwamba wimbo wetu utasikika hivyo.

"Ju ya nini hukumwambia ni wafu?" nilimuuliza Bosco.

"Alikuwa na batu yake, banakunywa, banacheka. Nilisikia haya. Ningesema je?"

"Basi tumungojee Jeremi."

"Jeremi iko Kasenyi na shangazi, atarudi kisha siku tatu. Camion inaondoka kesho asubui. Camion haingojeake mutu, Paska."

Ningeweza kuvaa viatu nikaenda kwa Papa Delphin. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Ningemwambia, "Papa, wale ni marehemu," na ninavyomjua sasa angeshika kichwa, angeomba radhi, pengine angelia, maana naye alikuwa amezika. Maneno manne tu. Nimeyasema jikoni kwangu mara nyingi kuliko Baba Yetu. Siku ile sikuyasema kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuiona kichwani picha yangu kwenye jalada, na niliogopa mazungumzo marefu, machozi, lori kwenda bila sisi. Nilipangusa povu mikononi nikamwambia Bosco, "Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu Samweli alituwashia jenereta. Nilimwambia nataka kuongeza jina, mahali popote. Akatuonyesha kwa nini haiwezekani popote: sauti yangu na gitaa na ngoma zilikuwa zimeshikana, kugusa hapo ni kurudia wimbo wote, na mpiga ngoma hayupo. Kulikuwa na sehemu moja tu iliyo safi, ile ya mwisho, baada ya kimya. "Lakini nikiweka hapa," alisema, "ile ya kwanza inakufa. Hairudi. Unasikia?" Nikasema nasikia. Alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa tena. "Mutoto wangu, ile jina ya mwisho ni ya nani?"

"Ni jina tu, Mwalimu."

Alinitazama juu ya miwani. Safari hii hakuomba. Alihesabu kwa vidole, nikavuta pumzi jinsi Jeremi alivyonifundisha, kutoka tumboni, nikaita: "Papa Delphin wa Kasenyi!" Mara moja tu, haikuhitaji ya pili. Nilifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilikuwa na nafasi ya kufanya vibaya, nikafanya vizuri.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja mwisho. Wangu hakungoja kuzaliwa. Siku tatu baadaye Jeremi alirudi kutoka ziwani na samaki mkavu mkubwa aliyefungwa kwa gazeti, akanikabidhi mlangoni. "Ya sauti yako," alisema. Kwa Jeremi hiyo ilikuwa hotuba. Nilimpokea yule samaki, nikampika na nyanya, nikamla na mama yangu, na mama akasema kijana huyu amelelewa vizuri. CD zilichukua mwezi mzima. Nilikuwa na siku thelathini za kumwambia. Kila asubuhi nilipanga kumwambia mchana, mchana nikapanga kumwambia kesho, na nilijidanganya kwamba zikitengenezwa tena tutarudisha jina, kwamba huenda hatatambua, kwamba atafurahi mno kuona boksi. Bosco naye alikuwa ananitazama, mimi namtazama, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Albamu ilitolewa Jumapili baada ya misa. Jengo la samaki lilikuwa limeoshwa kwa sabuni mara tatu na bado lilikuwa linajulikana kwa harufu. Viti vya plastiki vilijaa: mama wa mkaa na nguo yake ya sikukuu, Mwalimu Samweli na mke wake, vijana wa mtaa, jamaa za Papa Delphin, shangazi ya Jeremi mstari wa mbele, mikono imekunjwa. Sambusa zilipita, soda zikapita. Kwetu albamu haitolewi kwa kutajwa tu. Parrain hukata utepe, hufungua CD ya kwanza mbele ya watu, nayo hupigwa yote kutoka mwanzo hadi mwisho huku watu wamekaa na kusikiliza, ndipo wanamuziki wanapiga wenyewe. Papa Delphin alikata utepe, akasema maneno mazuri juu ya vijana na amani. Jeremi alikuwa amekwisha kaa nyuma ya ngoma zake akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi. Wimbo wa kwanza watu waliruka kwenye viti. Wa pili wakaanza kucheka, wa nne kuku alipolia wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika mikrofoni isiyo na kazi, nahesabu nyimbo. Wa saba. Wa nane.

Zakaria, Elizabeti, Ngabu, Mateso, Batista, Tabita. Kimya. Nilimwona shangazi ameinama mbele kwenye kiti chake. Halafu sauti yangu, safi, ikajaza jengo lote: Papa Delphin wa Kasenyi! Wanawake wa jamaa yake wakapiga vigelegele. Yeye mwenyewe akasimama, akatoa kitambaa cheupe, akakipunga huku na huku, amefurahi jinsi mtu anavyofurahi ubatizoni. Watu wakampigia makofi. Jeremi hakusimama mara moja. Aliviweka vijiti juu ya ngoma, kimoja kando ya kingine, taratibu, akanijia. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Paska," aliniuliza, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, "Mave iko wapi?"

"Tutaongea kisha," nilisema.

Ndivyo nilivyomjibu. Wimbo wa kumi ulikuwa umeanza. Alinitazama kidogo tu, akaenda kwa shangazi yake, akamshika mkono, wakatoka. Watu wengine walidhani ni sehemu ya onyesho.

Hatukuongea kisha. Yeye na shangazi walihamia Kasenyi wiki ileile, akajifunza kutengeneza mashine za mitumbwi. Mabati ilikufa bila hata kutangazwa. Fiston alienda Kampala, Bosco akarudi kwenye redio zake, mimi nikaingia chuo cha ualimu. CD zilizobaki ziliishia kufukuza ndege mashambani, zimefungwa kwa kamba. Nilimwona Jeremi mara moja tu tangu siku ile, miaka mingi baadaye, kwenye soko la Bunia. Alikuwa kwenye pikipiki na mashine ya mtumbwi mapajani. Aliniona, akainua mkono akanisalimia, kabisa, mbele ya watu. Nami niliinama nikaanza kuchagua nyanya. Nilichagua nyanya mpaka ile pikipiki ikaenda. Nilikuwa sina hata haja ya nyanya.

Tulishuka Kasenyi mimi na Bosco, pikipiki mbili. Kwenye matanga kulikuwa na shiti limetandazwa, wanaume wanacheza karata, wanawake kwenye mikeka. Shangazi yupo bado, mdogo kama mtoto, macho hayaoni. Nilipiga magoti nikampa pole. Niliposema tu, msichana mmoja aliyekuwa anamimina chai karibu yake aligeuka. Miaka kumi na sita hivi, paji la uso la Jeremi.

"Mama," alisema, "weye njo ile sauti."

"Sauti gani, mama?"

"Ya CD ya baba." Aliweka birika chini. "Miye ni Mave."

Nilikuwa nimekuja kusema. Naapa nilikuwa nimekuja kusema. Niliyapanga maneno yote juu ya pikipiki. Lakini Mave alikuwa amekwisha kimbilia ndani, akarudi na CD yetu, jalada limefungwa kwa plasta, na wadogo zake watatu nyuma yake. Mtu akazima nyimbo za kanisa. Wakaweka wimbo wa tisa bila kutafuta, wanaujua ulipo. Watoto walisimama kwenye mstari wakaita pamoja na yule mimi wa zamani wa kwenye CD, Zakaria, Elizabeti, wanapiga miguu chini pale Jeremi alipopiga ngoma. Tabita. Kimya. Wakahesabu nne kwa vidole. Na pale ambapo nilijua kitakachokuja, nikafunga macho, wote wanne wakaita "Mave!" kwa nguvu zao zote, wanawake kwenye mikeka wakaita, na shangazi, yule yule aliyemziba Jeremi mdomo, aliinua kichwa akaita kuliko wote. Jina la Papa Delphin halikusikika hata herufi moja.

Mave alikuwa anahema, anacheka huku machozi yanamtoka. "Baba alitufundisha," aliniambia. "Alisemaka pale masini ya studio iliharibikaka, ikakula jina. Njo siye tunairudishaka." Kisha akaniuliza, kwa heshima, kwa sababu nilikuwepo: "Ni vile, mama? Ni masini?"

Miaka yote ile Jeremi alikuwa na jina langu mdomoni na hakulitoa. Watoto wake walikuwa wananingoja nijibu. Bosco alikuwa anatazama chini.

"Ndiyo," nilisema. "Ni masini."

Aliniletea sahani ya samaki na bugali, nikala yote. Tukipanda kurudi, Bosco alinipigia kelele kutoka kwenye pikipiki yake kwamba nilifanya vizuri, ju ya nini kuumiza batoto mu matanga. Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa nimeulizwa juu ya jina lile mara ya tatu maishani mwangu, na mara ya tatu nikamjibu mtu ili tu aondoke mbele yangu.

Mave anasoma vizuri, waliniambia. Yuko wa kwanza darasani. Kwa hiyo ninaandika polepole na kwa mwandiko safi, na karatasi hizi nitamshukia nazo mwenyewe Kasenyi, nimpe mkononi, nikae hapo mpaka amalize kusoma. Mashine ya Mwalimu Samweli ilikuwa nzima, mwanangu. Jina nililifuta mimi.